Kibanda cha Malkia Helena

Mmekwisha kusikia jinsi Mungu alivyowatoa Waisraeli katika utumwa wa Misri, wakatembea jangwani miaka 40. Kitabu cha Walawi, katika sura ya 23, chawaamuru wakae vibandani siku 7 kila mwaka, ili vizazi vyao visiisahau safari ile. Ndiyo Sikukuu ya Vibanda. Yezu naye alipanda Yerusalemu kwa sikukuu hiyo, na Wayahudi waishika hata leo.

Lakini kitabu hicho hakitaji kimo cha kibanda. Je, kibanda kirefu kama jumba kingali kibanda? Walimu wa Wayahudi walijibu katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliotengenezwa Galilaya karibu na mwaka 200: kibanda kisipungue viganja 10 kwenda juu, wala kisizidi dhiraa 20. Dhiraa ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati; basi dhiraa 20 ni zaidi ya mita 9.

Talmudi ya Babeli yatoa sababu 3. Rabbah alisema: paa la matawi likiwa juu mno, jicho halilioni, na mtu hajui tena kwamba yu kibandani. Zeira alisema: hapo kivuli ni cha kuta, si cha paa. Rava alisema: kibanda ni makao ya siku chache, na jengo refu hivyo ni la kudumu.

Mwalimu Yehuda alikataa. Alimtaja Helena, malkia wa Adiabene, nchi iliyokuwa kaskazini ya Iraki ya leo. Helena hakuzaliwa Myahudi, bali aliongoka. Wakati wa njaa kuu, katika enzi ya Kaisari Klaudio, aliwanunulia watu wa Yerusalemu ngano ya Misri na tini kavu za Kupro. Kibanda chake mjini Lod kilizidi dhiraa 20, nao wazee waliingia na kutoka wasimwambie neno. Wenzake wakajibu: yeye ni mwanamke, na sheria hii haiwafungi wanawake. Yehuda akasema: je, hakuwa na wana 7? Tena, hakufanya lolote bila shauri la walimu. Hata hivyo neno la wengi lilishinda.

Aliyekosea kipimo halazimiki kubomoa. Aweza kuinua sakafu kwa udongo, na kimo kitapungua. Lakini akitandika mito, haihesabiwi, kwa maana ataiondoa.

Angalieni, ndugu: kipimo ni kimoja, kwa maskini na kwa tajiri.

Ulizo: Kwa nini kibanda kisizidi dhiraa 20?

Jibu: Ili aliye ndani aone paa la matawi juu yake, akumbuke kwamba baba zake walikuwa wasafiri.