Kutoka Iraki hadi Syria: Shaka ya Umma kuhusu Hoja za Serikali za Kuhalalisha Vita nchini Uingereza, 2002–2013

1.0 Utangulizi

Tarehe 18 Machi 2003, Bunge la Uingereza liliidhinisha vita dhidi ya Iraki kwa kura 412 dhidi ya 149. Dai lililobeba uamuzi huo, kwamba Iraki ilikuwa na silaha za maangamizi, lilikuja kubainika kuwa si la kweli. Tarehe 29 Agosti 2013, Bunge hilo hilo lilikataa, kwa kura 285 dhidi ya 272, pendekezo la serikali la kuunga mkono hatua za kijeshi dhidi ya Syria. Dai lililobeba pendekezo hilo, kwamba silaha za kemikali zilitumika katika eneo la Ghouta karibu na Damascus, lilithibitishwa na wakaguzi wa Umoja wa Mataifa siku 18 baadaye. Kwa hiyo dai lisilo la kweli lilipita, na lililokuwa la kweli likakwama.

Insha hii inachunguza chanzo cha ukinzani huo. Hoja yake ya msingi ni kwamba shaka ya umma si kitu cha aina moja. Iko shaka inayotokana na kupima ushahidi uliopo, ambayo hapa inaitwa shaka ya ushahidi. Na iko shaka inayotokana na kuwahi kudanganywa, ambayo hapa inaitwa shaka ya jeraha. Insha inaonesha kwamba serikali ya Uingereza ilipoipuuza ile ya kwanza mwaka 2003, iliizaa ile ya pili, na kwamba gharama ya shaka ya jeraha haikulipwa na waliolitoa dai la awali.

2.0 Usuli: Ghuba ya Tonkin, 1964

Madai ya serikali kutumika kufungulia mlango wa vita hayakuanza na Iraki. Mnamo Agosti 1964, serikali ya Rais Lyndon Johnson wa Marekani ilitangaza kwamba manowari zake zilikuwa zimeshambuliwa mara mbili na Vietnam ya Kaskazini katika Ghuba ya Tonkin. Shambulio la tarehe 2 Agosti lilitokea. Lile la tarehe 4 Agosti halikutokea. Hata hivyo, tarehe 7 Agosti, Bunge la Marekani lilimpa Rais mamlaka mapana ya kutumia nguvu. Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio hilo kwa kura 416 bila upinzani, na katika Seneti walipinga maseneta wawili tu, Wayne Morse na Ernest Gruening.

Jambo la kuzingatia hapa ni muda. Umma wa Marekani haukuwa na nyenzo ya kulipima dai hilo wakati lilipotolewa. Nyaraka za siri zilizoeleza kwa mapana jinsi nchi ilivyoingizwa katika vita vya Vietnam zilichapishwa magazetini mwaka 1971, baada ya kutolewa na Daniel Ellsberg. Shaka ilikuja baada ya makaburi kuchimbwa. Katika suala la Iraki, kama inavyojadiliwa hapa chini, nyenzo za kupimia zilikuwapo kabla ya risasi ya kwanza.

3.0 Shaka ya Ushahidi: Iraki, 2002–2003

Tarehe 24 Septemba 2002, serikali ya Waziri Mkuu Tony Blair ilichapisha waraka kuhusu silaha za Iraki. Dai lake lililovuma zaidi lilikuwa kwamba baadhi ya silaha hizo zingeweza kuwa tayari kutumika ndani ya dakika 45 tangu amri kutolewa. Waraka huo ulidai pia kwamba Iraki ilikuwa imetafuta urani barani Afrika.

Madai haya yalipimwa hadharani kwa njia tatu. Njia ya kwanza ilikuwa ukaguzi. Kwa mujibu wa Azimio namba 1441 la Baraza la Usalama, lililopitishwa Novemba 2002, wakaguzi wa silaha walirejea Iraki. Kiongozi wao, Hans Blix, alitoa taarifa zake mbele ya Baraza, na hadi Machi 2003 hakuwa ameripoti kupatikana kwa maghala ya silaha yaliyodaiwa. Aliomba miezi zaidi ya kazi, lakini hakupewa.

Njia ya pili ilikuwa uhakiki wa nyaraka. Tarehe 7 Machi 2003, Mohamed ElBaradei, mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, alilieleza Baraza la Usalama kwamba nyaraka zilizotumika kuonesha biashara ya urani kati ya Iraki na Niger hazikuwa halisi. Serikali ya Uingereza ilishikilia kwamba dai lake lilitegemea taarifa nyingine, lakini ushahidi pekee ambao chombo huru kiliweza kuukagua ulikuwa umeanguka.

Njia ya tatu inawahusu moja kwa moja wasomaji wa tasnifu. Mwanzoni mwa Februari 2003, serikali ilitoa waraka wa pili. Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliusifu mbele ya Baraza la Usalama tarehe 5 Februari. Glen Rangwala, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alionesha kwamba sehemu kubwa ya waraka huo ilinakiliwa, bila kutajwa chanzo, kutoka katika makala ya Ibrahim al-Marashi, aliyekuwa bado mwanafunzi wa uzamivu. Wanakili waliyabeba hata makosa ya uandishi ya makala asilia. Mahali pengine walibadilisha maneno ili kuyakoleza: palipoandikwa vikundi vya upinzani, waraka uliandika mashirika ya kigaidi. Kazi ambayo mtahini angeirudisha kwa kosa la wizi wa maandishi ilitumika kama hoja ya vita.

Kwa kuzingatia haya, maandamano ya tarehe 15 Februari 2003, yaliyojaza mitaa ya London na miji mingine mingi duniani, hayawezi kuelezwa kama hisia tupu za watu wasioelewa mambo ya usalama. Shaka iliyobebwa na maandamano hayo ilikuwa na msingi unaoweza kukaguliwa. Ndani ya Bunge pia shaka hiyo ilipata sauti. Robin Cook, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alijiuzulu tarehe 17 Machi na kulieleza Bunge kwamba yaelekea Iraki haikuwa na silaha za maangamizi kwa maana ya kawaida ya maneno hayo. Kesho yake, pendekezo la marekebisho lililosema kwamba sababu za vita zilikuwa bado hazijathibitishwa lilipata kura 217, zikiwemo 139 za wabunge wa chama tawala cha Labour. Halikutosha.

4.0 Uthibitisho Uliochelewa, 2004–2016

Baada ya uvamizi, kikundi cha uchunguzi kilichoongozwa na Marekani hakikukuta maghala ya silaha yaliyodaiwa, na ripoti yake kuu ilitoka mwaka 2004. Mwaka huo huo, ripoti ya Lord Butler ilisema kwamba lugha ya waraka wa Septemba 2002 huenda iliwafanya wasomaji waamini kuwa taarifa za kijasusi zilikuwa kamili na madhubuti kuliko zilivyokuwa, na kwamba dai la dakika 45 halikupaswa kuwekwa bila kueleza lilihusu silaha za aina gani. Ripoti ya Sir John Chilcot, iliyotolewa tarehe 6 Julai 2016, ilihitimisha kwamba hukumu kuhusu silaha hizo ziliwasilishwa kwa uhakika ambao haukustahili.

Ripoti hizi zilikuwa na thamani kubwa kwa mwanahistoria. Kwa raia, hata hivyo, zilikuja kama hukumu inayosomwa baada ya adhabu kutekelezwa. Waliotilia shaka mwaka 2003 walithibitishiwa kwamba walikuwa sahihi. Pia walijifunza kwamba kuwa sahihi hakukuwasaidia kitu.

5.0 Shaka ya Jeraha: Syria, 2013

Tarehe 21 Agosti 2013, raia kwa mamia waliuawa kwa gesi ya sumu huko Ghouta. Katika kuandaa hoja yake, serikali ya David Cameron ilijitahidi kuepuka njia ya mwaka 2003. Ilichapisha barua ya Kamati ya Pamoja ya Ujasusi, ilitoa muhtasari wa msimamo wake wa kisheria, na iliahidi kura ya pili kabla ya hatua yoyote ya kijeshi. Pamoja na hayo yote, ilishindwa. Wabunge 30 wa chama cha Waziri Mkuu mwenyewe walipiga kura ya kupinga. Cameron alikiri mbele ya Bunge kwamba suala la Iraki lilikuwa limekitia sumu kisima cha maoni ya umma.

Wahenga walisema: mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini methali hii haitoshi kuieleza hali ya mwaka 2013, kwa kuwa safari hii kilichoonekana hakikuwa ung'ongo. Ripoti ya wakaguzi ya tarehe 16 Septemba ilieleza kuwapo kwa ushahidi wa wazi kwamba makombora yenye gesi ya sarini yalitumika. Wakaguzi hawakupewa jukumu la kumtaja mhusika, na pengo hilo liliwapa nafasi waliotaka kulikanusha tukio lenyewe. Wakazi wa Ghouta walijikuta wakidaiwa uthibitisho wa vifo vyao na watu ambao walikuwa wamedanganywa na wengine.

6.0 Hoja Kinzani

Inawezekana kudai kwamba kura ya mwaka 2013 haikutokana na Iraki. Umma ulikuwa umechoshwa na vita vya Afghanistan, na wabunge wengi walikubali kwamba gesi ilitumika ila walihoji kombora lingeleta manufaa gani. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, swali la manufaa nalo lilifundishwa na Iraki, ambako serikali ilionekana kutokuwa na jibu la nini kingefuata baada ya ushindi. Aidha, kukataa vita hakukuzuia hatua nyingine: Syria ilijiunga na mkataba wa kupiga marufuku silaha za kemikali, na Azimio namba 2118 la Septemba 2013 likaamuru ghala lake liteketezwe. Kwa hiyo kosa halikuwa kwamba umma ulikataa vita. Hasara ilikuwa kwamba neno la serikali kuhusu jambo la kweli halikuwa tena na thamani ya kutosha.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba mwaka 2003 umma wa Uingereza haukukosa ushahidi. Ulikosa chombo cha kuilazimisha serikali iuzingatie. Kura ya mwaka 2013 ilifanana na chombo hicho, lakini ilisimama juu ya desturi na si juu ya sheria. Udhaifu wake ulidhihirika Aprili 2018, serikali ya Theresa May iliposhiriki mashambulizi dhidi ya Syria bila kulitaka Bunge lipige kura kwanza. Shaka ya ushahidi inahitaji wakaguzi wenye muda, nyaraka zinazotaja vyanzo, na Bunge lenye haki ya kuamua kabla ya tendo. Pasipo hayo, kinachobaki ni shaka ya jeraha, ambayo haiwezi kumtenganisha mwongo na msema kweli, na ambayo gharama yake humwangukia mwathirika anayefuata.