Neno "Huru" katika Ugomvi wa Wapenzi wa Mpira: Mfano wa Berega

Makusudi ya makala haya ni kueleza historia ya neno moja, nalo ni "huru", kama litumikavyo siku hizi katika msemo "mchezaji huru". Msomaji wa jarida hili amezoea kuletewa maneno ya tenzi na ya hati za kale, na huenda akaona kuwa maneno ya wapenzi wa mpira hayastahili karatasi yetu. Mimi naona vingine. Watu hawagombani juu ya neno ila pale neno hilo linapogusa jambo wanalolithamini, na mahali penye ugomvi ndipo maana za neno zinapojitokeza waziwazi, hata zile ambazo wenye kulisema walidhani wamekwisha kuzisahau.

Nilikuwa Berega, katika wilaya ya Kilosa, mwezi wa Julai 2024, nikikusanya maneno ya Kikaguru yahusuyo ukoo na ukwe. Berega ni mji mdogo wa Ukaguru, wenye hospitali ya Kanisa la Anglikana, si mbali na barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Nilikuta watu hawana nafasi ya kuzungumza nami habari za ukwe. Tarehe 1 Julai klabu ya Yanga ilikuwa imetangaza kwamba imemsajili Clatous Chama, kiungo wa Zambia, aliyekuwa nguzo ya Simba tangu mwaka 2018. Mkataba wake na Simba ulikuwa umekwisha. Yanga hawakuwalipa Simba hata senti moja. Alikuwa, kama redio zilivyosema asubuhi hiyo, mchezaji huru.

Mzee mmoja, mpenzi wa Simba, alinijia pale nilipoketi akaniambia, "Mwalimu, wewe umesoma mpaka Ulaya. Hebu niambie: huru kwa nani?" Nilimjibu haraka, kama tufanyavyo sisi tuliosoma mbali, kwamba ni huru kwa sababu mkataba umemalizika. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, hilo nalijua. Nimekuuliza huru kwa nani." Swali lile ndilo lililozaa makala haya.

Neno huru lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili cha pwani lilisimama mkabala na mtumwa. Huru hakuwa mtu asiye na kazi wala mtu asiye na mkataba. Alikuwa mtu asiyemilikiwa. Mtumwa aliyefunguliwa "aliachwa huru", na mwenye kumwacha huru ndiye aliyekuwa na haki ya kufanya hivyo. Mtumwa hakuweza kujiacha mwenyewe. Wakati wa Wadachi hati za uhuru zilitolewa na serikali, na utumwa ulikomeshwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922. Neno hili halikufika Ukaguru kwa njia ya vitabu. Njia ya misafara kati ya Bagamoyo na bara ilipita katika nchi za Wasagara na Wakaguru, na huko Mamboya, jirani na Berega, ndiko alikokaa J. T. Last wa misheni ya C.M.S., aliyechapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, neno likapanda cheo likawa jina la hali ya taifa zima. Basi msemaji wa leo anapotamka "huru" anatamka neno lenye minyororo nyuma yake na bendera mbele yake. Si ajabu kwamba linamkwama mtu kooni anapotakiwa kulitumia kwa mchezaji aliyekimbilia kwa mtani wake.

Tena jambo hili si letu peke yetu. Huko Uingereza klabu ziliweza kumzuia mchezaji hata baada ya mkataba wake kwisha, mpaka George Eastham alipoishtaki Newcastle United, na mwaka 1963 Jaji Wilberforce akaamua kwamba desturi ile ilikuwa kizuizi kisicho cha haki juu ya kazi ya mtu. (Jaji huyo alikuwa wa uzao wa William Wilberforce, yule aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, wenye kupenda sadfa wataifurahia hii.) Katika Marekani mchezaji wa besiboli Curt Flood alikataa kupelekwa Philadelphia mwaka 1969, akasema kwamba mtumwa hata akilipwa vizuri ni mtumwa tu, akashindwa katika Mahakama Kuu mwaka 1972, lakini miaka mitatu baadaye mpatanishi akawafungulia wenzake mlango aliougonga yeye. Katika Ulaya hukumu ya Jean-Marc Bosman, ya tarehe 15 Desemba 1995, ndiyo iliyoweka sawasawa kwamba mkataba ukiisha, mchezaji huenda apendako bila klabu yake kudai malipo. Kanuni za shirikisho la mpira la dunia, FIFA, huongeza kwamba katika miezi 6 ya mwisho ya mkataba mchezaji ana ruhusa ya kupatana na klabu nyingine. Kwa hiyo, kwa upande wa sheria, neno huru lilirudi katika maana yake ya zamani kabisa: mtu asiyemilikiwa.

Walakini historia ya klabu zetu haikuanza na mikataba. Yanga iliundwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata baadhi ya watu wake wakajitenga wakaunda klabu iliyokuja kuitwa Sunderland, na tangu 1971 Simba. Msomaji aone hapo: uhamisho wa kwanza kati ya klabu hizi mbili haukuwa wa mchezaji mmoja, bali wa kundi zima, na ndio uliozaa klabu ya pili. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965 Sunderland ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza, na kwa muda mrefu baada ya hapo mchezaji alikuwa mwanachama kwanza na mchezaji baadaye. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga walipogawanyika tena, waliotoka wakaunda Pan African. Katika lugha ya wakati ule mtu "hakumaliza mkataba". Mtu "alitoka" au "alijitenga", kama watu wa ukoo watokavyo katika mji wa baba yao. Nao walioachwa nyuma walikuwa na haki ya kununa.

Hapa ndipo utani unapoingia. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na ijapokuwa magazeti huutumia msemo huo kama pambo, katika Ukaguru si pambo. R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, na T. O. Beidelman, aliyekaa Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1966 uchunguzi wake wa utani wa Wakaguru, akiuhusisha na mauti na ukwe. Mtani hutukana wala hakasirikiwi. Huchukua kitu cha mtani wake, wala haitwi mwizi. Na msibani ndiye mwenye kazi. Siku ile ya pili ya Julai nilimsikia kijana wa Yanga akimwambia yule mzee, "Babu, shikamoo. Tumechukua kuku wetu tu." Mzee akaitikia salamu, kisha akasema, "Kuku huchukuliwa msibani. Kafa nani?" Kijana akajibu, "Msimu wenu." Watu wakacheka sana, na mzee akacheka nao, maana ilikuwa kweli: Simba walikuwa wamemaliza ligi ya 2023/24 katika nafasi ya tatu, na tarehe 5 Novemba 2023 walikuwa wamefungwa na Yanga magoli 5 kwa 1.

Lakini kicheko kilipokwisha ugomvi wenyewe ukaanza, na haukuwa kati ya Simba na Yanga. Ulikuwa kati ya Simba na Simba. Wengine walisema viongozi wamekosa, kwa kuwa waliuacha mkataba ukafika ukingoni; ng'ombe asiyefungwa, walisema, hupotea kwa kosa la mchungaji. Wengine walisema viongozi wamefanya vema: mchezaji amepita miaka 30, na mshahara wake ungelipa vijana wawili. Fundi baiskeli mmoja, ambaye hoja zake ndizo zilizokuwa na mpango mzuri kuliko za wote, alikumbusha kwamba Simba wenyewe mwaka 2017 waliwapokea John Bocco, Aishi Manula, Shomari Kapombe na Erasto Nyoni baada ya mikataba yao na Azam kumalizika, na mwaka uliofuata wakawa mabingwa. "Wakati ule," alisema, "nani kati yenu aliwalilia Azam?" Hakuna aliyejibu.

Nami nilitaja jambo lililonishangaza zaidi. Chama huyo huyo aliondoka Simba mwaka 2021, akaenda RS Berkane ya Morocco, akarudi Januari 2022. Alipoondoka mara ya kwanza hakuna aliyemwita msaliti. Wapenzi waliona fahari, maana "aliuzwa". Mara ya pili alipoondoka kwa sababu ni huru, walimlaani. Basi kitenzi cha bidhaa kiliwapendeza, na kivumishi cha uungwana kiliwaudhi. Naam, hapa pana funzo kwa mwenye kuandika kamusi: katika vijiwe vyetu kuuzwa ni heshima kwa mwenye kuuza, na huru ni hasara kwa mwenye kuachwa. Jibu la swali la mzee, "huru kwa nani", limo humo. Mchezaji ni huru kwa nafsi yake. Kwa klabu ni kitu kilichopotea.

Mashauri mawili mengine yaonyesha jinsi neno hili linavyovutwa huku na huku. Bernard Morrison wa Ghana alijiunga na Yanga Januari 2020, na mwezi wa Machi akawafunga Simba goli la pekee la mchezo. Agosti mwaka huo Simba wakatangaza kwamba ni wao. Yanga walidai wana mkataba mpya naye. Yeye alisema hana. Kamati ya Shirikisho la Mpira la Tanzania ikaamua kwamba ni huru, na Yanga hawakufaulu walipolipeleka shauri katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo huko Uswisi. Mwaka 2022 mtu huyo alirudi Yanga, akapokewa kwa shangwe na wale wale. La pili ni la Feisal Salum. Desemba 2022 aliweka shilingi milioni 112 katika hesabu ya Yanga, akidhani amejinunua. Kamati ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Jambo halikuisha mpaka Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaomba viongozi wa Yanga walimalize, na kijana akaenda Azam. Hapo watu hawakusema "huru". Walisema "wamemwachia", na kiambishi kile cha wao ndicho kilichobeba maana yote.

Mama mmoja wa Berega, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alitoa hoja niliyoiandika mara moja. Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Alisema wanaume wanakosea kumfananisha Chama na mtoto. Mtoto haondoki katika ukoo wa mama yake, hata akikaa wapi. Chama ni mkwe. Alikuja kwa mapatano, akalima shamba, mapatano yakaisha, akaenda. "Mtoto," alisema, "ni wa Mtibwa."

Alisema kweli, na ndilo jambo ambalo wapenzi wa Dar es Salaam hawalitaji. Mtibwa Sugar ya Turiani, mkoani mwetu Morogoro, mabingwa wa 1999 na 2000, imelea vijana wengi waliochukuliwa na klabu kubwa. Mwaka 2016 tu Simba waliwachukua Shiza Kichuya, Mzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya malipo ya uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye katika mkataba igawiwe klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Lakini mchezaji huru hana malipo ya uhamisho, na asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Uhuru wa mchezaji ni haki, nami siwezi kuupinga. Ila gharama yake haimwangukii tajiri peke yake, na aliyelea hana kijiwe cha kumsemea.

Mambo yaliyofuata hayakumpa ushindi mtu yeyote. Chama alikaa Yanga msimu mmoja, Yanga wakawa mabingwa. Simba bila yeye walifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika Mei 2025, wakashindwa na Berkane, klabu ile ile waliyomwuzia. Kila upande wa Berega umehesabu hayo kuwa ushahidi wake.

Siku niliyoondoka, timu ya vijana ya hapo ilikuwa na kesi yake. Mlinda goli wao alikuwa amekwenda kuchezea kijiji cha jirani, nao wakatuma mjumbe kudai viatu. Mlinda goli akajibu kwamba hakuna karatasi aliyotia sahihi, kwa hiyo yeye ni huru. Mjumbe akarudi na jibu hilo. Wazee wakakaa wakalijadili mpaka jua likazama, kisha wakamtuma tena, na safari hii wakamwambia aseme kwamba yeye ni huru, lakini viatu si huru.