Kupanda miamba jangwani peke yako: Kwa nini njia 'rahisi' ndizo zinazoponza

Ukisikia mtu kapanda mwamba peke yake, pengine unamkumbuka Alex Honnold, Mmarekani aliyepanda El Capitan bila kamba Juni 3, 2017. Lakini wengi wanaokwenda peke yao kwenye majangwa ya Utah, Nevada, Arizona na California huchagua njia za wastani, ambazo mwenye uzoefu anazimaliza bila shida.

Shida ni kwamba jangwa haliangalii uzoefu wako. Haya ndiyo ya kujua.

Njia ya 'wastani' ni ipi?

Marekani hutumia madaraja matano. La 1 ni kutembea tu. La 3 unaanza kutumia mikono. La 4 ni mwinuko mkali, ukianguka unaweza kufa. La 5 ndiyo kupanda kwenyewe, kuanzia 5.0 hadi 5.15. Njia za wastani huwa kama 5.4 mpaka 5.8.

Namba hiyo inapima ugumu wa kupanda tu. Haikuambii utashukaje, wala nani atakuokota ukivunjika mguu. Kushuka ni kugumu zaidi kwa sababu huoni unapokanyaga. Ndiyo maana wazoefu wana kanuni moja: usipande mahali ambapo huwezi kushuka.

Mvua imekatika, naweza kupanda?

Subiri kwanza. Miamba ya Red Rock Canyon, karibu na Las Vegas, imetokana na mchanga ulioshikamana. Ikilowa inapoteza nguvu, na jiwe ulilolishika linaweza kung'oka. Juu panaweza kuonekana pamekauka kumbe ndani bado kuna maji. Wapandaji husubiri siku moja hadi tatu.

Korongoni je?

Huko adui mkubwa ni mafuriko ya ghafla. Agosti 12, 1997, watalii 11 walikufa Antelope Canyon, Arizona. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha mbali, upande wa juu, maji yakateremka hadi walipo. Septemba 2015, watu saba walikufa kwa mafuriko Keyhole Canyon, ndani ya hifadhi ya Zion, Utah.

Kwa hiyo, anga la bluu juu ya kichwa chako sio kibali. Angalia utabiri wa eneo lote ambalo maji yake yanaingia kwenye korongo hilo. Miezi ya hatari zaidi huko ni Julai hadi Septemba.

Hata kwetu yapo. Korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, Kenya, limeua wageni kwa mafuriko ya aina hiyo mwaka 2012 na tena 2019.

Ukikwama peke yako?

Aprili 2003, Aron Ralston, mpandaji mzoefu wa miaka 27, aliingia Bluejohn Canyon, Utah, bila kumwambia mtu anakokwenda. Jiwe likamkandamiza mkono wa kulia. Alikaa hapo siku tano, mwishowe akaukata mkono mwenyewe ili atoke. Filamu ya 127 Hours ya mwaka 2010 inasimulia kisa hicho.

Njia aliyopita haikuwa ngumu kwake. Kilichomponza zaidi ni kwamba hakuna aliyejua aanze kumtafuta wapi.

Kabla hujatoka

• Mwachie mtu ujumbe: unapita njia gani, gari umeliegesha wapi, na saa ngapi aombe msaada usiporudi.

• Beba maji angalau lita 4 kwa siku, na zaidi kukiwa na joto kali.

• Usitegemee simu. Hifadhi kama Joshua Tree, California, sehemu kubwa haina mtandao. Kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti kinasaidia.

• Chukua kofia ngumu, tochi ya kichwani na kamba ya kushukia, hata kama unadhani hutazihitaji.

• Panga saa ya kugeuza, na ikifika geuza hata kama kilele unakiona.