Shusha Nyuzi: Kimo au Sauti?

Jumamosi moja mjini Tunduma nilimpelekea fundi gitaa la umeme la kwaya yetu. Ibada ilikuwa kesho yake, na nyuzi zilikuwa zimeinuka mno juu ya shingo. Vidole viliuma kabla wimbo wa pili haujaisha.

"Fundi, nishushie nyuzi."

"Kiasi gani, kaka?"

"Kidogo tu."

Nikavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa shughuli zangu. Niliporudi, nyuzi zote sita zilikuwa zimelegezwa kwa nusu toni. Fundi hakukosea Kiswahili hata chembe. Kwa wapigaji, kushusha uzi ni kuulegeza sauti iwe nzito, na kuupandisha ni kuukaza. Mimi nilitaka upungue umbali kati ya uzi na zile freti, vyuma vyembamba vilivyokingama shingoni. Tulitumia kitenzi kimoja kwa mambo mawili.

Vijana wengine huita umbali huo "aksheni", kama walivyolipokea neno kutoka kwa Kiingereza. Kwa wengi wetu aksheni ni picha la ngumi na risasi, na ukilitafsiri moja kwa moja utapata "tendo la nyuzi", jina ambalo halimwambii mtu lolote. "Urefu" nao ni mtego. Reli ya TAZARA, inayopita hapa Tunduma, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mlima Kilimanjaro nao una urefu wa mita 5,895. Hapo hakuna anayebabaika, kwa kuwa reli imelala na mlima umesimama. Uzi wa gitaa una vipimo vyote viwili kwa pamoja: kwenye gitaa la Stratocaster, kutoka kizingiti cha kichwani hadi darajani ni kama milimita 648, na kutoka freti ya 12 hadi chini ya uzi ni milimita moja na nusu au mbili. Ukisema "punguza urefu wa nyuzi", fundi mwenye haraka anaweza kushika mkasi.

Neno tunalo: kimo. Mtu ana kimo, na hakuna anayekichanganya na urefu wa mikono yake. Kimo cha nyuzi, basi. Huongezwa na kupunguzwa, na vitenzi kupanda na kushuka vibaki kuwa mali ya sauti.

Kwa gitaa la kawaida mkanganyiko huu ungeishia kwenye kicheko. La kwetu lina daraja la aina aliyoibuni Floyd Rose, Mmarekani, miaka ya 1970. Halikufungwa imara kwenye ubao: limeegemea nguzo mbili kwa makali yake, nyuzi zikilivuta mbele na springi zilizofichwa mgongoni zikilivuta nyuma. Seti ya kawaida ya nyuzi huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 45, na springi hujibu kwa kiasi hichohicho. Fundi alipolegeza nyuzi bila kugusa springi, springi zilishinda. Daraja likainama nyuma, na nyuzi zikalala kidogo kweli, kisha zikaanza kukwaruza freti. Kwa hiyo alishusha sauti, na kimo kikafuata bila kuombwa.

Daraja hili tuliiteje? "Daraja linaloelea" ni tafsiri ya neno kwa neno, nami nikilisikia naliona pantoni. Niliwahi kupenda "daraja la mizani", kwa sababu ya ule uwiano wa nyuzi na springi, lakini mwambie mtu wa Tunduma mizani, atawaza foleni ya malori yanayosubiri kupimwa uzito. Nimetua kwenye daraja-bembea. Linafanya kazi ya bembea: ukibonyeza mkono wake linainama, ukiuachia linarudi. Mkono huo umezoeleka kuitwa wa tremolo tangu Leo Fender alipotoa Stratocaster mwaka 1954, ingawa tremolo katika muziki ni kupanda na kushuka kwa ukubwa wa sauti, na mkono huu hubadili wembamba na uzito wake. Wenye lugha yao walikosea. Hatuna haja ya kurithi kosa. Mkono wa bembea unatosha.

Kupunguza kimo chenyewe ni hivi. Legeza kwanza vibano vinavyoshika nyuzi kizingitini, kisha nyuzi zenyewe, maana kuzungusha nguzo huku uzito wote umezielemea hula makali ya daraja. Zungusha nguzo kidogo kidogo, ya upande wa nyuzi nene ibaki juu kuliko mwenzake. Kaza nyuzi hadi sauti yake, urudie mara kadhaa, kwani kila uzi unaokazwa huinamisha daraja na kulegeza wenzake. Daraja likiwa limeinama bado, rekebisha skrubu za springi mpaka lilale sambamba na ubao, ndipo upime. Asiye na rula ya milimita achukue kadi mbili za benki zisizo na maandishi yaliyonyanyuka, azipachike pamoja chini ya uzi mwembamba kwenye freti ya 12: unene wake ni kama milimita 1.5.

Jumapili ile tulipiga nusu toni chini, na waimbaji wa sauti ya tatu ndio pekee walioshukuru. Nawe ukienda kwa fundi, mwambie hivi: "Nipunguzie kimo cha nyuzi, sauti iache ilipo."