Fedha za Serikali na Maji ya Delta

Msomaji, yamkini umepata kunywa maji mjini Mombasa. Basi fahamu kwamba sehemu ya maji hayo huzaliwa mbali na bahari, katika chemchemi za Mzima huko Tsavo, yakasafiri ndani ya bomba zaidi ya kilomita 200 kabla ya kuingia katika gilasi yako. Mtu wa mjini hazijui chemchemi hizo, wala viboko wakaao ndani yake. Yeye alijua bomba lake tu. Lakini kuishi kwa maji ya mbali si jambo letu peke yetu. Katika California, jimbo la Marekani lililo kando ya bahari ya Pasifiki, jambo hilo lilikua mpaka likazaa ugomvi wa miaka mingi, na serikali ikalazimika kuzitumia fedha zake kwa kubomoa mazoea ambayo fedha zake zenyewe ziliyajenga.

Tazama ramani ya jimbo hilo. Kutoka kaskazini unashuka mto Sacramento, na kutoka kusini unapanda mto San Joaquin. Mito hii miwili hukutana katika bonde tambarare, ikagawanyika kuwa vijito vingi vinavyozunguka visiwa, kisha yote hutoka baharini kwa njia ya ghuba ya San Francisco. Mahali hapo pa makutano ndipo paitwapo Delta. Mvua na theluji nyingi za California huanguka kaskazini. Watu wengi na mashamba mengi yako kusini. Kwa hiyo kila mtu aliyetaka kuyapeleka maji ya kaskazini kusini alikuta kwamba njia ni hiyo Delta.

Visiwa vyenyewe havikuwa vikavu tangu asili. Katika karne ya 19, baada ya dhahabu kuonekana mwaka 1848, wenye mashamba walizungushia mabwawa yale ya matete matuta ya udongo, na kazi kubwa ya kuyajenga ilifanywa na vibarua kutoka China. Udongo wa mahali hapo ni mweusi, wa mboji, na una rutuba sana. Lakini udongo wa namna hiyo ukikaushwa na kupata hewa huoza na kupungua mwaka hata mwaka. Leo baadhi ya visiwa hivyo viko chini ya usawa wa bahari kwa mita 5 na zaidi, kama mabakuli yaliyowekwa majini, na tuta ndilo pekee lizuialo. Siku tetemeko la ardhi litakapoyavunja matuta mengi pamoja, maji ya chumvi yataingia, na maji ya mamilioni ya watu yataharibika.

Na kwa nini mamilioni ya watu wakategemea mahali dhaifu namna hiyo? Kwa sababu serikali iliwalipia njia. Serikali ya Marekani ilitangulia, ikaweka pampu zake karibu na mji wa Tracy, zikaanza kazi mwaka 1951. Kisha Gavana Pat Brown aliwaomba raia wa California wakubali mkopo wa dola bilioni 1.75 ili jimbo lijenge mabwawa na mfereji wake lenyewe. Kura ilipigwa Novemba 1960. Kusini walikubali, kaskazini karibu wilaya zote zilikataa, isipokuwa Butte, ambako bwawa kubwa la Oroville lilikuwa lijengwe. Mkopo ulipita kwa kura chache. Mfereji ukachimbwa, na mwishoni mwake ikajengwa mitambo inayoyapandisha maji juu ya milima ya Tehachapi kwa mita 587 kwa mruko mmoja, yakateremka upande wa Los Angeles. Mimi nilipokisoma kipimo hicho mara ya kwanza nilidhani kimekosewa.

Watu waliopata maji walizaana, wakajenga, wakapanda miti ya matunda isiyoweza kukaa bila maji hata mwaka mmoja. Karibu theluthi mbili ya raia wa jimbo wakawa wanapata angalau sehemu ya maji yao katika Delta. Pampu zilipovuta kwa nguvu, baadhi ya vijito viligeuka vikawa vinarudi nyuma. Samaki walipotea njia. Mmoja wao, delta smelt, samaki mdogo usiozidi urefu wa kidole, aliandikwa mwaka 1993 katika orodha ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2007 jaji wa mahakama ya Marekani aliamuru pampu zipunguzwe ili asiangamie. Wakulima walikasirika sana, wakauliza kama samaki ni bora kuliko binadamu. Wavuvi nao wakajibu kwamba wao pia ni binadamu.

Ilijaribiwa dawa ya kuchimba. Mwaka 1982 raia waliulizwa kama wataka mfereji mpya wa kuyazungusha maji kando ya Delta. Zaidi ya watu 6 katika kila 10 walikataa, maana watu wa kaskazini waliogopa kwamba mfereji huo ungewanyonya mpaka tone la mwisho. Jimbo likabaki pale pale, haliwezi kusonga mbele wala kurudi nyuma.

Ndipo mwaka 2009, wakati wa ukame, Bunge la California lilipopitisha sheria ambazo Gavana Arnold Schwarzenegger alizitia sahihi. Mojawapo ilitamka kwamba siasa ya jimbo ni kupunguza kuitegemea Delta, kila sehemu ijitafutie maji yake kwa kuhifadhi, kusafisha maji yaliyokwisha kutumika, na kutunza visima. Maneno mazuri kama haya hupatikana katika sheria nyingi. Lakini sheria nyingine ya wakati ule ule iliagiza matumizi ya maji mijini kwa kila mtu yapunguzwe kwa asilimia 20 kabla ya mwisho wa mwaka 2020, na kuanzia mwaka 2016 mgawaji mkubwa wa maji asiyetimiza kipimo chake asipate msaada wala mkopo wa maji kutoka kwa jimbo. Mlango mdogo uliachwa wazi: aliyeshindwa aliweza kuhesabiwa kuwa anastahili kama alileta mpango na bajeti ya kufikia kipimo, au kama eneo lake lote ni la watu maskini. Nami naona mlango huo ulikuwa wa haki. Kumnyima fedha fukara kwa sababu hana fedha za kutengenezea mabomba yanayovuja ni kumpiga mgonjwa kwa kuwa anaugua.

Fedha zenyewe zilikuja. Novemba 2014 raia walikubali mkopo mwingine, safari hii wa dola bilioni 7.5, na ndani yake dola milioni 725 zilitengwa kwa kusafisha maji yaliyotumika na kwa kazi kama hiyo. Linganisha na mwaka 1960: hazina ile ile, na wapiga kura wa jimbo lile lile, lakini fedha zikielekea kuwarudisha watu nyumbani.

Je, watu walirudi? Wako waliokuwa wamekwisha kuanza. Katika wilaya ya Orange, kusini, mtambo ulifunguliwa mwaka 2008 unaoyachukua maji machafu ya mji yaliyokwisha kusafishwa mara moja, ukayachuja kwa utando laini sana, ukayapiga mwanga mkali wa kuua vijidudu, kisha yakarudishwa ardhini yachanganyike na maji ya visima. Ulianza na lita milioni 265 kwa siku. Mwaka 2023 ulifikia karibu lita milioni 490. Niliposimulia habari hii darasani wanafunzi wangu waliziba pua na kucheka. Niliwauliza mto wao wa kijijini hupita wapi kabla ya kufika kwao, kicheko kikapungua.

Hata hivyo nisikufiche, msomaji, palipo na kasoro. Katika maji yote yatumiwayo na watu wa California, mashamba huchukua takriban sehemu 4 kati ya 5. Sheria iliwapa watu wa mijini kipimo cha asilimia 20. Wakulima iliwataka wapime maji na kuandika mipango, na asiyefanya hivyo akose fedha za jimbo, lakini haikuwawekea kiasi cha kupunguza. Mwenye bafu alipewa hesabu kali kuliko mwenye shamba la lozi. Sababu si ngumu kuifahamu, kwa maana wakulima wa bonde la San Joaquin wana sauti kubwa bungeni, na vibarua wao hawana kazi nyingine. Lakini Delta haijui sauti ya nani ni kubwa.

Kwa upande wake samaki yule mdogo hakungoja. Nyavu zinazokokotwa kila mwaka ili kumhesabu zilianza mwaka 2018 kurudi mikono mitupu, mwaka baada ya mwaka.

Na ile hoja ya kuchimba haikufa. Siku hizi inazungumzwa kama handaki la kupitishia maji chini ya Delta, na watu wa kaskazini wanaipinga kama walivyoupinga mfereji wa mwaka 1982. Tofauti iko katika mpango wa Delta uliokubaliwa mwaka 2013. Huo umeagiza kwamba kazi mpya ya namna hiyo isipite ikiwa wale watakaopokea maji hawakufanya sehemu yao ya kupunguza kuitegemea Delta. Kwa hiyo miji inayolitaka handaki sasa huleta vitabu vya hesabu: tulivuta maji kiasi hiki zamani, tunavuta kiasi hiki sasa, na haya ndiyo maji tuliyojipatia wenyewe.