Aliyevuka Mto na Aliyevunja Kaya



Lipo neno la Kiingereza ambalo mfasiri wa Kiswahili hulifikia akasita: trespass. Mwanasheria akilitamka, anamkusudia mtu aliyekanyaga ardhi ya mwenziwe pasipo idhini. Muumini akilitamka katika sala, anaikusudia dhambi. Sisi hatuna neno moja linalobeba mizigo hiyo miwili. Upande mmoja tuna kosa, dhambi na deni; upande wa pili tuna uvamizi, na lile jina la mahakamani, kuingia kwa jinai. Nimeona niliandikie pengo hilo, kwa kuwa katika historia ya pwani yetu wapo watu waliotumbukia humo.

Tuanze na asili ya neno lenyewe. Waingereza walilipokea kutoka Kifaransa cha kale, na maana yake ya mwanzo ni kuvuka, kupita upande wa pili. Wafaransa wa leo hutumia trépasser kwa maana ya kufa. Katika mahakama za wafalme wa Uingereza za karne ya 13 neno hilo lilikuwa pana mno. Kumpiga mtu, kumchukulia mali yake, kuingia kiwanjani mwake, yote yaliitwa kwa jina hilo, mradi mdai aseme kwamba yametendwa kwa nguvu na silaha, kinyume cha amani ya mfalme. William Tyndale alipoifasiri Injili ya Mathayo mwaka 1526, alilitia katika Sala ya Bwana, na Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha 1549 kikalidumisha. Kadiri miaka ilivyopita, sheria ililibana hadi likaegemea ardhi. Sala haikulibana. Mwingereza akabaki na neno moja lenye nyumba mbili: moja mahakamani, moja kanisani.

Wafasiri wa Kiswahili hawakuifuata njia hiyo. Katika Mathayo, Biblia ya Union Version husema deni, na kwa hilo imekaribia Kigiriki cha asili, ambacho nacho husema deni. Wakatoliki katika sala yao husema makosa. Maneno yote mawili ni mazuri, na kila moja lina picha yake. Deni, tulilolipata kwa Waarabu, ni picha ya daftari: kuna aliyetoa na kuna anayepaswa kurudisha. Kosa latokana na kukosa, kitenzi kile kile cha mshale uliopita kando ya shabaha na cha mtu aliyelala bila chakula. Hakuna kati ya picha hizo iliyo na ua wala uzio. Mswahili anapotubu, hajioni kama mtu aliyeruka ukuta wa jirani.

Hata hivyo, picha ya kuvuka imo katika lugha yetu, ila imejificha. Tunalo neno taadi, ambalo siku hizi halisikiki sana nje ya ushairi na mazungumzo ya wazee. Kutaadi ni kutenda ovu, kufanya jeuri. Mzizi wake wa Kiarabu wahusu kupita na kupindukia kiasi, na kutoka mzizi huo huo tumepata adui. Kwa hiyo ndani ya neno adui, tunalolitumia kila siku bila kulichungulia, amesimama mtu aliyevuka mahali asipopaswa kuvuka. Husema hivyo hivyo tunapomwambia mtu kwamba amechupa mipaka: mara nyingi hapo ardhi haimo kabisa, ila ulimi au mkono umekwenda mbali.

Na huo mpaka wenyewe, tuutazame. Ni jirani wa kitenzi kupakana. Mashamba mawili hupakana, nchi mbili hupakana, na neno lenyewe laonyesha mahali ambapo wawili wamegusana. Tena mpaka kwetu ni neno la wakati na mwendo: mpaka kesho, mpaka Lamu. Hadi nayo, kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya ukomo, imefuata mkondo huo huo. Katika Kiswahili, basi, mpaka ni mahali unapofika, na ukifika unamkuta mtu upande wa pili.

Mtu huyo ndiye anayebishiwa hodi. Qurani, katika Surat an-Nur, aya ya 27 na ya 28, imewaagiza waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyeji wake, na wakiambiwa warudi, warudi. Pwani yetu imeigeuza amri hiyo kuwa pumzi ya kila siku: hodi mara tatu, kisha karibu, au kimya, na mwenye adabu hujiondokea. Naomba msomaji azingatie nani anayeombwa. Hodi huelekezwa kwa mkaaji. Hakuna anayebisha hodi kwa hati.

Wanachuoni wa fikihi walilipima jambo hili kwa mizani ya kina. Kuchukua mali au ardhi ya mtu kwa nguvu huitwa ghasb, na Kiswahili kikapata ghasibu. Swali lao lilikuwa hili: mtu akisali juu ya ardhi iliyoghasibiwa, sala yake ina hukumu gani? Wafuasi wa Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, walijibu kwamba sala ni sahihi, lakini msalaji ana dhambi. Wahanbali wakasema sala yenyewe haikusihi. Katika jibu la Kishafii naona ufahamu mkubwa: tendo laweza kutimiza sharti zote za sheria na bado mtendaji akaondoka nalo kama mzigo shingoni. Usahihi ni jambo moja na usafi ni jambo jingine.

Sasa twende katika ardhi yenyewe, ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya, ambao Waingereza waliutawala kwa mapatano ya 1895 na Sultani wa Zanzibar. Humo umiliki ulikuwa na matabaka. Huyu aliweza kuwa mwenye minazi, yule mwenye udongo. Mwingine alilima kwa idhini ya mwenyeji, na idhini hiyo ikarithiwa. Mwaka 1907 hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika ukanda huo. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi: kila mwenye dai la umiliki alifikishe na kulithibitisha, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya taji la Uingereza. Angalieni jinsi miaka hiyo miwili ilivyokaribiana. Mtumwa alipata mwili wake mwaka mmoja, na mwaka uliofuata ardhi aliyosimama juu yake ikaanza kutafutiwa mwenyewe kwa karatasi. Waliojua njia ya ofisi na waliokuwa na nyaraka, wengi wao Waarabu na Waswahili wa miji, walidai. Wamijikenda waliolima kwa pamoja, na watumwa walioachwa huru, wengi wao hawakuwa na dai la aina ambayo sheria iliitambua. Walibaki pale pale walipokuwa, lakini jina lao likabadilika.

Tukio linaloonyesha jambo hili waziwazi kuliko yote ni la Wagiriama. Kabla ya mwisho wa karne ya 19 walikuwa wameanza kuvuka mto Sabaki kwenda kulima ng'ambo ya kaskazini, na mashamba yao huko yakazaa sana. Serikali ya kikoloni ilitaka nguvu zao zifanye kazi katika mashamba ya walowezi, na ikaitaka ardhi ile. Ikaamua kwamba Sabaki ni mpaka, na kwamba wote walio kaskazini wahame. Mekatilili wa Menza, mama mjane, alipita kijiji kwa kijiji akiwalisha watu kiapo cha kukataa. Mwaka 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka uliofuata wakatoroka na kurejea kwao.

Mwezi Agosti 1914 serikali ikailipua kwa baruti Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama. Hapa msomaji asiyeijua pwani ahitaji maelezo. Katika Kiswahili sanifu kaya ni watu wa nyumba moja; ndilo neno la makarani wa sensa. Kwa Wamijikenda, kaya ni mji wa asili uliozungukwa na msitu, wenye malango yake, makaburi ya wakubwa, na fingo iliyozikwa kuulinda. Huko hakuingiwi ovyo. Mti haukatwi bila idhini ya wazee, na anayekiuka hutakaswa. Baada ya mlipuko yakafuata mapigano. Nyumba zikachomwa, Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000, wakafukuzwa ng'ambo ya mto. Miaka michache baadaye waliruhusiwa kurudi, jambo linaloonyesha jinsi ule mpaka ulivyokuwa mwepesi tangu mwanzo.

Tuwaweke watu wawili hawa mbele yetu. Wa kwanza ni mkulima wa Kigiriama anayevuka Sabaki alfajiri na jembe begani. Kwa sheria ya siku ile ameingia asipopaswa. Wa pili ni askari anayetega baruti langoni mwa kaya. Kwa sheria ile ile ametii amri. Mwenye kuijua hodi hana haja ya kuambiwa ni yupi kati yao aliyetaadi. Mkulima alivuka mto usiomtenga na mtu yeyote. Askari aliingia mahali penye wenyewe, hakubisha, na aliyemkatalia hakumsikiliza.

Matokeo ya 1908 na 1914 yameingia hata katika msamiati wetu. Kwa mkaaji asiye na hati, Kiswahili cha Kenya kimelazimika kuazima skwota, na wingi wake maskwota. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini lugha yenye mwenyeji, mgeni, mkaazi, mhamiaji, mpangaji na mvamizi ikahitaji kuazima. Jibu langu ni kwamba hakuna hata moja kati ya hayo linalomwelezea mtu aliyezaliwa mahali, akawazika wazazi wake hapo, na bado akahesabika hana haki ya kuwapo. Lugha haikuwa na neno kwa sababu haikuwahi kumfikiria mtu wa namna hiyo. Yeye ni zao la sheria, na sheria ilimleta na jina lake. Hata wakaazi wa mitaa ya zamani ya Mombasa, wanaomiliki nyumba huku ardhi iliyo chini yake ikiwa ya mtu mwingine, wanaishi katika pengo lililo jirani na hilo.

Sisemi kwamba sheria haina moyo. Kuingia kwa jinai, kama kulivyoandikwa katika kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, hakutimii kwa unyayo peke yake. Lazima iwepo nia ya kutenda kosa, au ya kumtisha, kumtukana au kumuudhi mwenye milki. Kifungu hicho, chenye nasaba ya Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, kinakubali kwamba hakimu auchunguze moyo wa aliyeingia. Hapo sheria na maadili hukutana tena baada ya kuachana njiani, na hapo mshairi na hakimu wanaweza kuelewana.

Ombi langu kwa wenzangu wanaoshika kalamu ni dogo. Magazeti yetu huandika wavamizi wa ardhi wiki baada ya wiki, na mara nyingine neno hilo humwangukia bibi kizee aliyepanda miembe inayomtia kivuli hakimu aliyekuja kuupima mpaka. Mvamizi ni neno la vita. Tumwekee aliyeingia kwa nguvu, awe na hati au asiwe nayo. Ghasibu na taadi yarudi katika beti zetu, maana yana uwezo wa kumtaja mwenye muhuri mkononi na dhambi shingoni. Na kabla hatujaliandika jina la yeyote aliyekutwa katika ardhi inayobishaniwa, tuulize kwanza swali ambalo hodi imetufundisha: siku ile ya kwanza, ni nani aliyekuwa ndani, na ni nani aliyepaswa kusema karibu?