Injini Mpya, Giaboksi ya Zamani: Jaguar ya Silinda 12 kama Chanzo cha Historia

Baba yangu mdogo ni fundi wa magari huko Katwe, Kampala. Siku moja nilimwonyesha picha ya Jaguar XJ-S ya mwaka 1976, nikamweleza kwa majivuno kwamba ina injini ya silinda 12. Hakuuliza inakimbia kiasi gani. Aliuliza tu, "Na gia zake je?" Nililichukulia kuwa ni swali la gereji. Baadaye, nilipolisoma gari hilo kwa ajili ya somo la historia ya teknolojia, niligundua kuwa mwanahistoria naye anapaswa kuanza na swali hilo hilo.

Insha hii inajadili mambo matatu: kwa nini gari lenye injini kubwa namna ile lilikosa giaboksi ya mkono iliyolifaa, kwa nini leo baadhi ya wenye magari hayo huyafungia giaboksi ya mkono, na iwapo kufanya hivyo ni kuharibu historia. Hoja yangu ni kwamba gari la zamani ni chanzo cha historia kama ilivyo barua au daftari la kodi. Kulibadilisha si kosa. Kosa ni kulibadilisha na kuficha.

Tuanze na injini. Kiwanda cha Jaguar mjini Coventry, Uingereza, kilizindua injini ya silinda 12 mwezi Machi 1971, ikiwa ndani ya E-Type ya toleo la tatu. Ilikuwa ya lita 5.3, yenye bloku ya alumini na nguvu za farasi takribani 270. Miongoni mwa wahandisi wake wakuu walikuwa Walter Hassan na Harry Mundy. Lakini nguvu ya injini haifiki barabarani peke yake. Waswahili husema nguvu ya mamba ni maji, na maji ya injini ni giaboksi. Ndiyo inayopokea msukumo wa injini na kuupeleka kwenye magurudumu, kwa gia nzito wakati wa kuondoka na gia nyepesi wakati wa mwendo mkali. Meno yake yakiwa dhaifu, huvunjika. Gia zikiwa chache, injini huzunguka kupita kiasi na kunywa mafuta bila sababu.

Giaboksi ya mkono waliyokuwa nayo Jaguar ilikuwa ya gia nne. Ilianza kutumika mwaka 1964 katika E-Type ya lita 4.2 yenye silinda sita. Kwa hiyo injini mpya ya 1971 ilifungwa kwenye giaboksi iliyotangulia kutumika na injini ndogo zaidi. Ilifanya kazi, lakini haikuwa na gia ya tano ya kuipumzisha injini katika safari ndefu. Gari la XJ12, lililozinduliwa Julai 1972, liliuzwa na gia za otomatiki pekee. XJ-S ilipotoka Septemba 1975, mnunuzi aliweza kuchagua gia nne za mkono, lakini nafasi hiyo ilifungwa mwaka 1979. XJ-S za silinda 12 zilizotoka kiwandani na gia za mkono ni takribani 350 tu, ilhali XJ-S za aina zote zilizotengenezwa hadi mwaka 1996 ni zaidi ya 115,000.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu ya kwanza ni soko. Marekani ilikuwa soko kubwa la Jaguar, na huko otomatiki ilikuwa imezoeleka tangu General Motors ilipoanza kuuza Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Tajiri aliyenunua gari la silinda 12 alitaka utulivu, si kukanyaga klachi nzito kwenye foleni. Sababu ya pili ni hali ya kampuni. Jaguar iliungana na British Motor Corporation mwaka 1966, ikajikuta ndani ya British Leyland mwaka 1968, na mwaka 1975 serikali ya Uingereza ikaichukua British Leyland ili isifilisike. Isitoshe, mgogoro wa mafuta wa 1973 uliwafanya watu wayaogope magari yanayokunywa mafuta. Katika mazingira hayo, kutumia fedha kubuni giaboksi mpya kwa ajili ya wanunuzi wachache lilikuwa jambo gumu kulitetea mbele ya mhasibu.

Hata hivyo, tusiseme haraka kwamba haikuwezekana. Mwaka 1983 Jaguar ilitoa XJ-S yenye injini ndogo ya silinda sita, lita 3.6, na ikaifungia giaboksi ya mkono ya gia tano kutoka kampuni ya Kijerumani ya Getrag. Aliyetaka injini kubwa alipewa otomatiki; aliyechukua injini ndogo ndiye aliyepewa gia tano. Wakati huo huo, timu ya Tom Walkinshaw ilikuwa ikishindana na XJ-S ya silinda 12 iliyofungwa gia tano za mkono. Mwaka 1984 Walkinshaw alitwaa ubingwa wa Ulaya wa mashindano ya magari ya aina hiyo, na mwaka huo huo timu yake ilishinda mashindano ya saa 24 ya Spa, Ubelgiji. Mwaka 1985 ikashinda Bathurst, Australia. Ushahidi huu unaonyesha kwamba injini haikuikataa giaboksi ya mkono. Walioikataa ni watu wa hesabu na wa mauzo, na walikuwa na sababu zao.

Ndiyo maana wenye magari hayo leo huifanya kazi ambayo kiwanda hakikuifanya. Si kazi ya kutoa chuma kimoja na kutia kingine. Huondolewa giaboksi ya otomatiki pamoja na konveta yake, ile ngoma ya mafuta inayofanya kazi ya klachi. Mahali pake huwekwa flaiwili nzito, sahani ya klachi na kifuniko chake. Nyuma ya krankshafti hutiwa bushi ndogo ya kushika ncha ya shafti ya giaboksi. Fundi akiisahau, shafti hucheza na beringi hufa mapema. Ndani ya gari huongezwa pedali ya klachi na silinda zake za mafuta. Propela hukatwa au hurefushwa, kwa kuwa giaboksi mbili hazilingani urefu, na kishikizo cha giaboksi huundwa upya. Mara nyingi huchaguliwa giaboksi ya gia tano, kwa sababu gia ya tano hushusha mizunguko ya injini gari likiwa katika mwendo mkali.

Je, gari hilo bado ni lile lile? Wapo wanaosema hapana. Kwao, otomatiki ya XJ12 ni ushahidi wa mwaka 1972: inatuambia mnunuzi alikuwa nani na kampuni ilikuwa katika hali gani. Ukiitoa, umechana ukurasa. Hoja hii ina uzito, nami sitaki kuipuuza. Lakini sheria yenyewe ya Uingereza ilitoa jibu la kati. Kwa miaka mingi, mamlaka ya usajili wa magari ya huko ilitumia pointi kuamua kama gari lililobadilishwa sana libaki na namba yake ya usajili. Chesisi au bodi ilipewa pointi 5. Springi na shokomzoba, ekseli, usukani na giaboksi zilipewa pointi 2 kila kimoja. Injini ilipewa pointi 1 tu. Gari lilihitaji pointi 8. Hivyo Jaguar iliyobadilishwa giaboksi pekee ilibaki na pointi 12 kati ya 14, na jina lake halikupotea. La kuzingatia zaidi ni kwamba giaboksi ilihesabiwa mara mbili ya injini. Nilipomsomea baba mdogo sehemu hii alicheka sana.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Mwenye gari ana haki ya kulifungia gia za mkono, mradi aandike alichofanya, aihifadhi giaboksi iliyotoka, na asikate bodi pasipo lazima. Anayebadilisha XJ-S kisha akaiuza kana kwamba ni mojawapo ya zile 350 za kiwandani, huyo ameghushi chanzo. Hana tofauti na mtu anayebadilisha tarehe kwenye barua ya zamani. Atakayedanganywa si mnunuzi peke yake, bali pia mtafiti atakayekuja miaka 50 baadaye kuhesabu magari yaliyobaki.

Jambo hili linatuhusu sisi pia. Katika gereji ya baba mdogo, magari ya otomatiki hubadilishwa kuwa ya gia za mkono, na si kwa kupenda mbio. Otomatiki ikifa, kuitengeneza ni ghali, na giaboksi ya mkono iliyotumika hupatikana kwa bei ambayo dereva wa teksi anaiweza. Kazi hiyo inahitaji akili ile ile ya bushi, propela na kishikizo, lakini haiandikwi popote. Waingereza wanabishana juu ya magari 350 kwa sababu kuna kumbukumbu za kubishania. Sisi tunayo magari na mafundi, ila hatuna daftari.

Tangu Januari nimekuwa nikiandika katika daftari moja kila giaboksi inayobadilishwa katika gereji ile: aina ya gari, mwaka wake, kilichotoka, kilichoingia na sababu. Hadi sasa nina magari 14. Ni machache, lakini yapo.